Choo Kimejaa: Namna ya Kumpokea Mtapishaji

Choo kikijaa, mtapishaji, yaani mtu wa kunyonya na kuondoa tope la choo, hupigiwa simu mfululizo. Akishafika, watu wale wale humzibia pua, humwita kwa jina la kile anachokizoa, na kumwekea ujira wake juu ya jiwe wasije wakagusana mikono. Dharau hiyo ina madhara mwilini, na huanza muda mrefu kabla hajaja: siku mtu alipotupa wembe chooni kwa sababu atakayeutoa si yeye.

Bomba la kunyonya humeza tope. Matambara, nepi, taulo za kike na nywele bandia hukwama mdomoni mwake. Mashine huzimwa, mtu huvivua kwa ndoano, na ndoano ikishindwa hutumia mkono. Hapo ndipo kioo au sindano inapomchoma, na jeraha lililochafuliwa na kinyesi ni njia rahisi ya pepopunda. Weka ndoo yenye mfuniko chooni kwa ajili ya taka hizo. Siku ya kutapisha usifiche kitu kwa aibu: sema shimo lina kina gani, kuta zimejengewa au ni udongo mtupu, lilitapishwa lini na kimedondokea nini. Mafuta ya taa usimwage. Mle ndani tayari kuna methani, gesi inayoshika moto.

Lisilo na mjadala ni hili: mtu asishuke shimoni. Hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikifikia takriban sehemu 100 kwa kila sehemu milioni za hewa, pua hufa ganzi na mtu hudhani harufu imekwisha. Ikizidi 700 anaweza kuzimia kwa pumzi chache, na mwenzake anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kitambaa cha puani hakizuii gesi, na kuacha mfuniko wazi kwa muda hakutoshi. Tope likiwa gumu, huongezwa maji na kukorogwa kwa mti mrefu mtu akiwa juu, ndipo linyonywe. Mwenye nyumba anayesema "ingia tu, nakuongeza hela" anamnunua mtu maisha yake. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu wengi wanaoshawishiwa hivyo hawana uwezo wa kukataa.

Kuhusu woga wa kuambukizwa: mayai ya minyoo huingia kwa mdomo, kupitia mikono na chakula. Salamu ya mikono iliyonawa haiyabebi. Kinachokinga ni maji na sabuni, kwa hiyo tenga ndoo mbili za lita 20 na mahali pa faragha pa kunawa na kubadilisha nguo. Akiomba maji ya kunywa, mpe kwa bilauri anayonywea mgeni yeyote. Aliyemwajiri naye ana wajibu wake: glavu nzito, buti, na chanjo za pepopunda na homa ya ini.

Bei ipatanwe kabla mfuniko haujafunguliwa, kwa ujazo wa tope na umbali wa kulipeleka. Kumpunja baada ya kazi, kwa kuwa ananuka na unataka aondoke upesi, ni wizi. Tena malipo yasipotosha mafuta ya gari hadi kwenye mabwawa ya maji taka, tope huishia mtaroni, kisha lawama humrudia yeye. Muulize linakwenda wapi, na gharama ya safari hiyo ihesabiwe ndani ya bei.