Natua asubuhi, naruka usiku: maswali yenu kuhusu chumba cha mchana

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba msafiri anayesubiri ndege kutwa nzima hapa Dar anaweza kukodi chumba kwa saa chache badala ya kulalia begi. Sikujua nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Natoka Mbeya na ndege ya asubuhi, natua Dar saa mbili na nusu. Ndege yangu ya Guangzhou ni saa tano usiku, tiketi mbili tofauti. Nikodi chumba au nikae uwanjani? (Mfanyabiashara, Mbeya)

Kodi. Kwa tiketi mbili utatoka nje hata usipotaka. Ndege za ndani hushusha abiria Jengo la Pili, lile la tangu 1984, na safari yako ya nje inaanzia Jengo la Tatu lililofunguliwa 2019. Utachukua begi lako, utatoka, utahamia upande wa pili, na asubuhi hiyo hakuna kaunta itakayokupokelea mzigo wa ndege ya saa tano usiku. Begi ni lako kutwa nzima.

Piga hesabu kwa kurudi nyuma. Ndege saa tano, basi uwe Jengo la Tatu saa mbili usiku. Ukiwa umelala Kipawa, Karakana au Ukonga, ondoka saa moja na dakika zake. Ukiwa Posta au Kariakoo, ondoka saa kumi na moja jioni na usinibishie. Ni kweli daraja la Mfugale pale Tazara limepunguza mateso tangu 2018, lakini foleni ya Barabara ya Nyerere jioni haijawahi kumhurumia mtu mwenye tiketi. Najua mfanyabiashara utataka kuchungulia Kariakoo. Nenda, ila begi libaki chumbani.

Kanuni yangu mwenyewe: pengo likipungua saa sita, sikodi. Ukitoa muda wa kutoka uwanjani, kuandikishwa na kurudi, unabaki na usingizi wa paka.

Nilipiga simu gesti moja karibu na uwanja, nikasema nataka chumba cha kupumzika mchana. Dada wa mapokezi akacheka kidogo, akauliza, "Mko wangapi?" Nikakata simu. Mtu mwenye heshima zake anaulizaje? (Mwalimu wa kike, Songea)

Pole, mwalimu. Tusijifanye hatujui: kwenye gesti zetu bei ni mbili, ya kulala na ya kupumzika, na hiyo ya kupumzika ndiyo shoti taimu. Dada yule alisikia neno alilozoea kulisikia likitoka kwa wateja wa aina fulani. Hakukutukana. Ulimpa neno lenye kazi nyingine.

Tena si aibu peke yake, kuna hasara ndani yake. Kupumzika kwa bei ya gesti mara nyingi ni saa moja au mbili. Yalinikuta mwenyewe: nililipa ya kupumzika nikidhani nina chumba mpaka jioni, nikavua viatu, nikalala. Nimeamka, nimeingia bafuni, povu liko kichwani, mlango unagongwa. "Muda umeisha!" Nilijieleza kupitia tundu la mlango kwamba mimi nina ndege. Jibu likawa, "Kila mtu ana lake, kaka."

Kwa hiyo anza na ndege, malizia na saa. Sema hivi: "Habari za kazi, dada. Nina ndege saa tano usiku. Nataka chumba cha mtu mmoja kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ni bei gani, na chumba kitakuwa tayari saa ngapi?" Hapo umemwambia kwa nini, uko peke yako, na unataka chumba kwa muda wa saa nane kamili. Kicheko kitaisha chenyewe. Kwenye hoteli kubwa kidogo waambie unataka "day use", wanaijua.

Kuhusu bei, wengi wanaogopa kupatana na wanakosea. Fikiria upande wa mwenye hoteli. Wageni wa jana wanatoka asubuhi, wapya wanaingia mchana na jioni. Katikati chumba kinakaa bure. Hela yako ni ya ziada kwake, gharama yake ni mashuka, sabuni na mtu wa kusafisha. Tarajia nusu ya bei ya usiku au zaidi kidogo. Akikutajia bei nzima, muulize taratibu kama basi unaweza kukitumia mpaka kesho. Mara nyingi bei hushuka hapo hapo.

Na usisahau kitambulisho. Kitabu cha wageni kitataka jina, unakotoka, unakokwenda, na penginepo hata kabila. Andika tu.

Niliweka chumba kwa simu kupitia mtandao, saa 8:00 mpaka 16:00. Nimefika saa mbili asubuhi, mapokezi ananiambia chumba chako ni cha saa nane mchana, kaa pale. Nani mwenye kosa? (Kijana, Kigoma)

Saa ya Kizungu ndiyo yenye kosa. Mtandao uliandika 8:00, yaani saa mbili asubuhi. Mtu wa mapokezi akasoma nane, akaandika nane kwenye daftari lake. Na bahati mbaya saa nane mchana ndiyo saa ambayo hoteli nyingi huanza kupokea wageni wa usiku, kwa hiyo hakuona ajabu yoyote.

Dawa ni simu moja baada ya kuweka chumba. Taja saa kwa Kiswahili na ongeza asubuhi, mchana au jioni. Hao hao watakwambia kama ulichoweka ni chumba cha mchana au ni cha usiku ambacho huwezi kukigusa kabla ya saa nane. Wengi wanaolalamika kukalishwa mapokezi walinunua usiku mzima wakidhani usiku unaanza asubuhi.

Kuna mtego mkubwa kuliko huo: tarehe. Tiketi ikisema tarehe 15, 00:45, hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani unatakiwa tarehe 14 usiku, na chumba chako cha mchana ni cha tarehe 14. Kiswahili kimeshatupa "usiku wa kuamkia", tulitumie. Nimemwona mtu akiagwa na ukoo mzima pale Jengo la Tatu, keki imekatwa nyumbani, ndege yake iliondoka jana.

Dada yangu anakaa Mbezi. Nikikodi chumba atanuna mwaka mzima. Nikienda kwake nachoka. (Jina limehifadhiwa, Mwanza)

Mbezi ipi? Kama ni Mbezi Beach, kodi na umpigie ukiwa umeshatua. Kama ni Mbezi ya Kimara, huko kwenye stendi ya Magufuli, kuna njia ya Malamba Mawili na Kinyerezi inayokufikisha upande wa uwanja bila kuingia mjini, unaweza kujaribu kama pengo lako ni la saa kumi na zaidi. Lakini ujue kwa dada hutalala. Utapikiwa, utaulizwa habari za shamba, utaletewa watoto wakuamkie. Mimi ningemwalika yeye aje tule pamoja karibu na uwanja, kisha nikalale. Akinuna, mpelekee sato ukirudi.

Mwanangu, namsindikiza mke wangu India kwa matibabu. Tunatoka Bukoba asubuhi, ndege ya nje ni usiku. Ana kisukari na akikaa sana miguu inavimba. Hela imebana, lakini naona kiti hatakiweza. (Mzee, Bukoba)

Shikamoo mzee, na poleni kwa kuuguza. Wengine nawaambia wapige hesabu kwanza. Nyinyi chukueni chumba, hata kama itabidi kukata mahali pengine.

Omba chumba cha chini kabisa, kisicho na ngazi. Usiridhike na jibu la "lifti ipo". Uliza umeme ukikatika kuna jenereta. Uliza kama kuna friji ya kuhifadhia insulini, na kama jikoni wanaweza kumpikia kwa saa anazokula, kwa sababu sehemu nyingi chakula cha mchana huchelewa. Dawa zote na barua ya daktari zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye begi la chini ya ndege.

Jambo jingine, wapigieni shirika la ndege mapema, angalau saa 48 kabla, muombe kiti cha magurudumu. Hakilipiwi, na kutoka kaunta mpaka mlango wa ndege ni mwendo mrefu kwa mgonjwa. Kama tiketi zenu zote ni za shirika moja, waulizeni pia kama wao wana mpango wa kumpumzisha abiria anayesubiri kutwa. Kuuliza ni bure, mzee.

Natoka Nairobi kwenda Moroni kupitia Dar, nasubiri saa tisa. Mkenya anahitaji viza kutoka nje akalale? (Msomaji, Nairobi)

Huhitaji. Pasipoti yako itagongwa mhuri, utatoka. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani Tanzania huidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo na Kenya imo. Na ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke hoteli", anaweza kukushusha penye wali maharage. Sema gesti, au taja hoteli kwa jina.

Na sisi Watanzania tukikwama Dubai, Doha au Istanbul? (Wengi)

Huko mambo yanageuka, maana kutoka nje ya uwanja kunataka viza. Bahati nzuri viwanja hivyo vitatu vina vyumba ndani kwa ndani, kabla ya uhamiaji, ambavyo hulipiwa kwa saa. Dubai kuna Dubai International Hotel, Doha kuna Oryx, Istanbul kuna YOTEL. Si rahisi kwa mfuko wa kawaida, lakini kwa saa sita za usingizi wa kunyooka wapo wanaolipa bila kujuta.

Sharti ni moja: mzigo uwe umepokelewa Dar mpaka mwisho wa safari. Ukiwa na tiketi mbili, begi lako linaweza kuwa linazunguka kwenye mkanda upande wa nje, usikoruhusiwa kufika. Weka nguo ya kubadili na mswaki kwenye mkoba.

Kwa wanaopita Addis Ababa, Ethiopian ina utaratibu wa kuwapa hoteli abiria wa tiketi moja wanaosubiri zaidi ya saa 8, kama hapakuwa na ndege ya mapema zaidi. Ulizeni siku ya kukata tiketi, si mkiwa kwenye foleni kule. Na Ethiopia nayo ni nchi ya homa ya manjano: ukisubiri pale zaidi ya saa 12, utadaiwa kadi ukirudi nyumbani. Chanjo moja sasa inatambulika maisha yote, kwa hiyo ile kadi ya zamani iliyochakaa bado inafaa. Iweke pamoja na pasipoti.