Safari ya siku moja kisiwani: anza na saa ya kurudi

Mkuu, umeuliza muondoke saa ngapi, watu wanane kwa boti ya kukodi, mkashinde kisiwani na kurudi jioni. Mimi ningeuliza kwanza: saa ya kurudi, maji yatakuwa wapi?

Hili nililijua kwa aibu. Safari ile niliipanga mimi, mwezi mpevu, maji yamejaa asubuhi na mapema, boti ikatufikisha mpaka mchangani. Mchana tunarudi, boti imelala ubavu, bahari iko kule mbali. Na bado yalikuwa yanakupwa. Tulikuja kuelea saa 12 na nusu, giza linaingia, nahodha anatafuta njia kati ya miamba kwa tochi ya simu. Hakuna aliyeongea.

Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani nyingi hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12. Kinachodanganya ni saa ya kwanza: unayatazama unaona yametulia tu, kumbe kasi yenyewe inakuja saa ya 3 na ya 4 tangu yaanze kupwa. Halafu nyakati husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo jedwali la Jumamosi iliyopita halikufai Jumamosi hii. Kama tarehe mnachagua wenyewe, chagueni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu.

Upepo nao. Asubuhi bahari huwa shwari, mchana nchi kavu ikishapata joto upepo wa baharini unaamka. Anayeugua bahari huenda akicheka na kurudi akitapika. Dawa inamezwa kabla ya kupanda, si tumbo likishavurugika. Akae katikati kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti, atazame upeo wa macho, simu aiweke mfukoni.

Maji ya kunywa, kofia, mfuko usiopenya maji, hayo mnayajua. Mwachieni mtu wa nchi kavu saa mnayotarajiwa. Na nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze wala kumwongezea hela.

Kati ya hao wanane kuna watoto? Boti nyingi nilizopanda zilikuwa na jaketi okozi za watu wazima tu, na mtoto huchomoka humo akigusa maji. Muulize mwenye boti kabla hujatoa malipo ya awali.