Nilisema usaha, kumbe ovari

Juzi kijana mmoja anayesomea udaktari wa mifugo kaniandikia: "Shikamoo dokta. Hivi uvimbe wa ovari (mfuko wa mayai) kwa mbwa unaweza kuujua kwa slaidi, yaani kutazama seli zake kwenye kioo cha darubini?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo lilishanitoa jasho.

Mbwa mwenyewe aliitwa Malkia, jike la miaka 9, mlinzi wa nyumba moja huko Pongwe, Tanga, karibu na mashamba ya mkonge. Mzee mwenye mbwa alimleta kwangu Ngamiani kwa bajaji, kamfunika kanga. "Dokta, huyu anatoka damu tangu mwezi jana, na tumbo linazidi kujaa." Jike akiwa kwenye joto hutokwa damu siku 9 hivi, basi mwezi mzima ulitakiwa unishtue. Wapi! Nikaona tumbo, nikaona uchafu unatoka, nikasema huu ni usaha kwenye kizazi. Nikaandika antibiotiki, nikapokea pesa yangu, nikalala usingizi.

Siku ya kumi wakarudi, tumbo limezidi. Safari hii nikapiga ultrasaundi: donge upande wa kushoto, nyuma ya figo, lina vifuko vya maji ndani. Nikampigia mkubwa wangu mmoja wa kazi, nikamwambia nataka nichome sindano nitazame seli. Akaangua kicheko. "Unatafuta ndigana tumboni mwa mbwa?" Ndigana ni ugonjwa wa kupe wa ng'ombe, ndio tuliozoea kuutafuta kwenye slaidi. Kicheko kile nakisikia mpaka leo kila nikifungua chupa ya Giemsa, rangi ya kupaka slaidi.

Slaidi ya kwanza ilikuwa damu tupu. Ya pili niliipaka nzito kama uji, ikawa zambarau mwanzo mwisho. Kwa ya tatu nikachukua sindano ya geji 22 bila kuvuta sirinji, nikamwaga tone kwenye kioo, nikalitandaza taratibu, likakauka, nikalishikiza kwa methanoli, nikalipaka Giemsa. Umeme ukakatika, ukarudi. Nikainamia darubini.

Seli zimeshikana mafungu mafungu, nyingine zimekumbatia vimishipa vya damu, saitoplazimu (ute unaozunguka kiini cha seli) imejaa vitundu vyeupe. Na katikati ya mafungu kadhaa kuna tone la waridi, viini vimelizunguka kama watoto wanaocheza ukuti. Hiyo ndiyo miili ya Call-Exner. Uvimbe wa seli za granulosa, zile zinazolizunguka yai ndani ya ovari! Niliinuka nikazunguka chumba peke yangu kama mwehu. Ndiyo maana damu haikukatika: uvimbe huu mara nyingi humwaga homoni, na mwili unabaki ukidhani joto halijaisha.

Upasuaji sitausimulia. Ovari ya kushoto ilikuwa kubwa kama dafu. Kipande kikaingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kikaenda SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, majibu yakarudi vilevile. Malkia yupo, kanenepa, anabweka.

Sasa nyie vijana mnaokimbilia dawa kabla ya kutazama, nisikilizeni. Tazameni! Seli kubwa za duara, kila moja kivyake, nukleoli (doa ndani ya kiini) imejitokeza, na limfositi ndogo, aina ya seli nyeupe za damu, zimechanganyika humo, fikirieni disijeminoma, uvimbe wa seli za mayai. Mafungu yaliyojikunja kama vidole, hasa ovari zote mbili zikiwa zimevimba, hapo adenokasinoma, saratani inayofanana na tezi, haiko mbali, na mara nyingi tumbo lina maji. Vuteni hayo maji kwanza, myazungushe kwenye mashine, mpake kwenye kioo mashapo yanayotuama chini. Kulichoma donge lenyewe ni hatari, sindano inaweza kuzimwaga seli za saratani tumboni. Nami nilikuwa na bahati tu, nakiri.

Halafu mkiwa mmeshapasua, msitupe. Kateni donge, kausheni damu kwa karatasi, gusisheni kioo. Haigharimu kitu. Na bado kipande kiende kwenye fomalini, maana seli peke yake kuna siku zinababaisha. Hata mimi ninayejisifu hapa nilisubiri Morogoro waseme. Lakini tazameni kwanza, nimeshasema, tazameni.

Yule mkubwa nilimtumia picha ya slaidi namba 3 pamoja na majibu ya maabara. Hakuandika neno, alinirudishia kidole gumba tu. Slaidi ninayo kwenye kisanduku cha mbao, mzee wa Pongwe akipita mjini huwa ananiomba aitazame tena.