Kabla ya kuamini asilimia, fungua rejesta

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijumlisha taarifa za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za wilaya yetu na kuziingiza katika DHIS2, programu ya kompyuta ya kutunzia takwimu hizo, na kosa lililonigharimu zaidi ni kupanga kazi kwa kutazama asilimia peke yake. Zahanati moja ilikuwa ikileta kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100, nasi tukaipongeza, ilhali tulikuwa tukigawanya kwa makadirio ya sensa ya 2012 katika kijiji kilichokwisha kujaa wahamiaji.

Siku hizi naanza na kipimo kisichotegemea makadirio. Chukua watoto waliopata dozi ya kwanza ya surua-rubella, ile ya miezi 9, toa waliopata ya pili, ya miezi 18, kisha gawanya kwa wale wa kwanza. Wakiwa 40 na 28, walioishia njiani ni asilimia 30. Tumia jumla za mwaka mzima, kwa kuwa za mwezi mmoja huyumba mno.

Zahanati ile ile iliyopongezwa ilikuwa ikipoteza watoto wengi hapo katikati. Katika mpango tukaandika "elimu kwa kina mama", pendekezo linalorudiwa kila mwaka, nadhani kwa sababu halimsumbui mtu yeyote ofisini. Nilipoketi na muuguzi tukapekua rejesta ya watoto ukurasa kwa ukurasa, tarehe zikasema jambo ambalo jumla ya mwezi ilikuwa imelificha: siku za surua zilikuwa na watoto saba, wanane, tisa, na hapakuwa na hata siku moja yenye mtoto mmoja au wawili. Kichupa kina dozi 10, na kikishachanganywa, kinachobaki humwagwa baada ya saa 6.

"Nikifungua kwa mtoto mmoja, hizo tisa nitazieleza vipi, mkuu?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu, maana fomu tuliyompelekea sisi wenyewe ilikuwa na safu ya dozi zilizomwagwa, wala haikuwa na safu ya watoto walioambiwa warudi siku nyingine. Tulikubaliana afungue hata kwa mtoto mmoja, tukaongeza vichupa katika maombi ya robo iliyofuata, na safu iliyokosekana akaichora mwenyewe kwa rula, pembeni mwa rejesta.