Machipuko ya Machi ni ya nani?

Swali: Msomaji wa Mafinga ameona tangazo la mkesha wa maombi mjini Iringa: "Ikwinoksi ya machipuko, Machi 20, siku nuru na giza vinapotoshana." Anauliza kama hicho ni Kiswahili sahihi, na kama siku yenyewe ina uzito wowote wa kiroho.

Jibu: Ikwinoksi ni neno la asili ya Kilatini, aequus "sawa" na nox "usiku". Wengine husema sikusare, wengine mlingano wa siku na usiku. Yote yanaeleweka, sigombani na mtu. Linalonichoma ni hilo "machipuko".

Ndugu yangu wa Mafinga, toka nje mwezi Machi unionyeshe kinachochipuka. Mvua ilianza Novemba. Mahindi yamebeba, mabichi yameanza kuchomwa kando ya barabara. Kitulo maua yametanda, ni kweli, lakini yameletwa na mvua ya miezi kadhaa, na mvua hiyo sasa inaelekea ukingoni. Anayetaka machipuko ya kweli apande gari la Chunya mwezi Septemba. Ardhi imekauka, moto umeshapita porini, kila pikipiki inaburuta vumbi lake, wala tone la mvua halijadondoka. Hapo ndipo miombo inapotoa majani mapya, mekundu hata mgeni akadhani yameungua. Baada ya siku chache yanageuka kijani. Na ni mwezi huohuo, tarehe 22 au 23, jua linapovuka ikweta kuja kusini. Mbeya iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kwetu basi, mlingano wa machipuko ni huo wa Septemba. Tangazo limekosea kwa nusu mwaka mzima!

Ubaya zaidi ni kwamba wanaoandika hivyo huuita ule wa Septemba "ikwinoksi ya vuli". Vuli gani? Vuli ni mvua fupi za pwani na kaskazini, Oktoba hadi Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe hututofautisha: wenzetu wana vuli na masika, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Mtoto wa Njombe anafundishwa kwamba Septemba ni vuli, anachungulia dirishani, anaona nyasi kavu na mbingu nyeupe. Aamini kitabu au macho yake? Tunamwibia majira yake mwenyewe kwa sababu mfasiri mmoja alikuwa na Ulaya kichwani.

Kinachotokea angani hakina msimu. Siku hiyo mhimili wa dunia hauinamii jua wala hauliegemei kinyume. Adhuhuri jua liko utosini pale ikweta, na karibu kote duniani linachomoza mashariki kamili. Hata huko kutoshana si kwa dakika: mchana huzidi kidogo, maana hewa hupinda mwanga na jua likaonekana kabla halijachomoza. Mbeya siku ndefu ya Desemba na fupi ya Juni hupishana kwa takriban saa moja tu, kwa hiyo ni kawaida wazee wetu wasiutangaze mlingano kama watu wa kaskazini ya mbali.

Uzito wa kiroho upo, tena mkubwa. Waajemi huanza mwaka siku hiyo, Nowruz, yaani siku mpya, na Kiswahili kikalichukua jina: ndiyo Nairuzi, Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi huikoga mwezi Julai. Japani, Wabudha huzuru makaburi ya wazee wao katika milingano yote miwili. Na Mkristo wa Iringa tayari anaifuata siku hii kila mwaka, kwa kuwa makanisa ya Magharibi huiweka Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Pasaka yetu huja na matope na mahindi mabichi, na haijapungua utakatifu kwa kukosa machipuko.

Kukesha kwa maombi siku hiyo si kosa hata kidogo. Andikeni "mlingano wa Machi", au "ikwinoksi ya Machi" kwa wanaolipenda neno hilo. Itakuwa kweli Mafinga na itakuwa kweli Oslo. Mwenye tangazo akiyang'ang'ania machipuko, basi mkesha auhamishie Septemba.