Jibu: Karanga chini ya mwarobaini, ni kivuli au ni mizizi?

Mkuu, umeuliza kwa nini karanga zako za Chamwino zilizo jirani na mwarobaini zina majani tele ila ukizing'oa hukuti kitu, na kama dawa ni kuukata mti. Naona wadau wengi wameshakujibu "kata". Mimi nalima upande wa Mpwapwa, shamba lina miti hadi katikati, na nisingeshika shoka kabla ya kujua kinachokuumiza ni kivuli au ni mizizi. Kwa mvua zetu hizi za milimita 500 na ushee kwa mwaka, watu wanavichanganya sana hivyo viwili.

Ng'oa shina moja chini ya mti, kwa jembe, taratibu. Mmea ulioonewa na kivuli hurefuka: shina jembamba, pingili zimeachana, majani mapana na laini, maua ya kuhesabu. Ulionyang'anywa maji na mizizi hudumaa, majani madogo, na saa sita mchana umelala wakati wenzake wa mbali wamesimama. Kwa maelezo yako, wako ni kivuli zaidi.

Ukiwa nao mkononi, pasua kwa ukucha vile vinundu vya kwenye mizizi. Vikiwa vyekundu-vyekundu ndani, bakteria wako kazini wanavuta naitrojeni kutoka hewani. Vikiwa vya kijani au kijivu, hamna kitu. Na bakteria hao hawafanyi kazi bure, wanalishwa sukari ambayo majani hutengeneza kwa jua. Jua likipungua mmea unabana matumizi, vinundu vinabaki vichache na vidogo. Kwa hiyo hii habari kwamba mikunde inajitengenezea mbolea ni kweli juani. Kivulini usiitegemee sana.

Karanga ina balaa lake la ziada. Ua likishachavushwa hutoa kijiti kinachoinama hadi kuingia ardhini, ganda linajijenga huko. Mmea ukirefuka kufuata mwanga, maua yanakaa juu mno na vijiti vinakauka vikiwa vinaning'inia. Inua matawi utaviona, vina ncha nyeusi.

Kama mti una faida kwako, pogoa matawi ya chini mwezi wa kumi na moja kabla hujapanda, upate na kuni. Karanga zianzie nje ya kivuli. Ukilazimika kusogea karibu, chagua upande wa mashariki wa mti: jua la asubuhi linaingia, na kivuli kinakuja alasiri wakati wa joto kali. Chini kabisa mimi napanda kunde za mboga. Majani yanakuwa laini na hayakomai haraka. Punje humo usitegemee.

Wanaochanganya na mtama, pigeni mistari ya mashariki-magharibi ili jua lipite katikati ya mistari kutwa nzima. Mbaazi ndiyo isiyo na wasiwasi hapo. Inakua polepole mwanzoni, inakaa chini ya mtama bila kelele, mtama ukivunwa inapata uwanja wake na kutoa maua kwa unyevu uliobaki ardhini.

Na ninyi wa "fyeka yote", Kongwa ilishafyekwa na Waingereza kuanzia 1947 kwa ajili ya karanga hizi hizi. Jua lilikuwepo la kutosha. Ukame na udongo uliokauka ukawa mgumu ni kati ya mambo yaliyouua ule mradi, 1951 wakaufunga.

Ukikuta dalili ni za mizizi, kupogoa peke yake hakutoshi. Chimba mtaro kati ya mti na mstari wa kwanza, wa kina cha goti hivi, ukate mizizi inayokimbilia shambani. Na urudie kila msimu kabla ya mvua, mwarobaini unachipua mizizi upya haraka.