Mimi Nilisukumwa na Hasira

Mmeuliza wiki hii: mwenyeji husukumwa na nini hata ainuke kumtetea aliyetoka nje? Wengi watajibu huruma. Mimi nauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na huruma ninaijua: haifiki mbali.

Kuna mama wa Kirundi anayefanya kibarua cha kuanika na kufunga magunia. Nilimpa kanga, nikampa sukari ya watoto. Lakini siku mfanyabiashara mmoja, mtu wa kwetu kabisa, alipomnyima hela ya siku nne, nilijifanya nachambua dagaa.

Mara ya pili yule bwana akaongeza maneno. Mama kanyoosha mkono, magamba yanang'aa mpaka kwenye kiwiko, akajibiwa, "Nenda kashtaki Bujumbura." Kisha akatugeukia sisi Wasukuma, akacheka, kama vile tumemtuma. Bujumbura! Mama huyu kazaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi hapa hapa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972, na yumo katika wale 162,000 na ushee ambao serikali iliwapa uraia mwaka 2014. Cheti kipo ndani ya sanduku lake, nimekiona. Lakini kilichonichoma zaidi ni kile kicheko. Anamdhulumu mtu, halafu ananishirikisha!

Nikaweka ungo chini. "Kaka, magunia hayapandi gari." Jirani yangu akaja akakalia gunia moja, mwingine la pili (huyo ni mnene, hapakuhitajika msaidizi). Dereva akazima injini. Bwana akalipa.

Na maslahi? Yapo, nisiwe mnafiki. Akizoea kumlipa yule nusu, kesho nusu hiyo ndiyo bei ya dada yangu.

Mwanangu aliye chuoni anasema mwanasaikolojia Mmarekani, Gordon Allport, aliandika tangu 1954 kwamba watu wakifanya kazi bega kwa bega, kwa hadhi sawa na lengo moja, chuki hupungua. Sibishi. Kuanika naye kulinifanya nimpende. Ila nilimpenda miaka mitatu nikiwa nimekaa kitako. Kuinuka kulihitaji mtu anitukane kupitia yeye.

Zile siku nne za mwanzo hazijalipwa hadi leo. Mama huyo hajawahi kuniuliza kwa nini siku ile nilikuwa nachambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa.